Lenzi Mpya, Kofia ya Zamani

Mimi ni mpiga picha za arusi hapa Lubumbashi, tunakoitana “sitwayen”, yaani raia, na majivuno yangu mnayajua. Juzi nilipata lenzi mpya, pana, ya kunasa watu wengi kwa mara moja, iliyonifikia kwa treni kupitia Sakania. Haikuja na kofia yake ya kukinga jua, basi nikaivisha ile ndefu ya lenzi yangu ya zamani, ya kuvuta vya mbali. Iliingia vizuri, nami nikatangaza mbele ya arusi nzima:

"Hii inakamataka bantu bote!"

Kwetu, kwenye picha ya pamoja, mama wa bwana arusi husimama mwisho upande mmoja, mama wa bibi arusi mwisho wa pili, pasiwe na mkubwa. Nikapiga filamu nzima hivyo.

Bahasha ya picha nikaifungua mbele ya familia zote mbili, kwa maringo. Maarusi walikuwa wanachungulia kutoka kwenye duara, kama wako kisimani. Pembeni kweusi tii. Mama wote wawili hawapo.

Nikalaumu jua. Nikalaumu filamu.

Mama wa bwana arusi, muuza samaki, akaitazama kamera shingoni mwangu, akaigusa ile kofia ndefu kwa kidole.

"Sitwayen, juu ya nini ulivalisha mutoto kofia ya baba yake?"