Nilivyomsaidia baba mkwe kubadilisha saiti ya bunduki bila kuigusa wala kumtazama usoni

Wakuu, habari za jumapili.

Leo uzi wangu si wa mapenzi wala wa kulogwa. Ni wa bunduki, mkwe na viazi. Nasimulia kama ilivyotokea, chumvi sijaongeza hata punje. Atakayeita chai aite tu, mama mkwe wangu ndiye shahidi.

Kwanza mnijue. Mimi ni mwanamke, Mngoni wa Songea. Kabla ya kuolewa nilikuwa askari wa wanyamapori miaka saba. Bunduki nimebeba, nimesafisha, na nimefundisha wenzangu kulenga. Sasa nipo Suma, huku Rungwe. Mume wangu Ambakisye yuko kiwanda cha chai, mimi nalima viazi.

Baba mkwe ni Mnyakyusa wa zamani. Tukuyu mjini wengi wameshalegeza, lakini yeye mila kaishika kwa mikono miwili: mkwe wa kike na baba mkwe hawatazamani wala hawasemeshani. Nikimwona anakuja njiani, nakata kona kwenye migomba. Miaka sita hatujapeana hata shikamoo.

Si uadui jamani. Ndiyo heshima yenyewe.

Sasa mzee ana bunduki, lever-action. Kwa wasioijua: chini, penye kifyatulio, kuna wenzo, unausukuma chini na kuurudisha juu, risasi nyingine inapanda. Juu ya mtutu kuna saiti mbili za kulengea: ya nyuma ina mwanya, ya mbele ina nundu. Aliinunua kihalali zamani kwa meneja wa shamba la chai aliyekuwa anarudi kwao. Leseni anayo, anailipia kila inapotakiwa.

Mwaka jana nguruwe pori wakatuvamia kutoka korongoni. Wanafukua viazi kama wamekodiwa. Afisa wanyamapori akaja, akaona hasara, akampa mzee ruhusa ya kuwapiga kwenye mashamba yetu.

Kitongoji kizima tukapumua.

Asubuhi ya kwanza, ukungu ulipoinuka, mzee akafyatua. Nguruwe akaondoka zake. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu risasi ikakata mkungu wa ndizi, tena ndizi zake mwenyewe!

Nyie, huku watu hawana huruma. Kufika jioni ameshapewa jina: Mvuna Ndizi. Vilabuni wanacheka mpaka wanajifuta machozi.

Mzee akajifungia ndani siku mbili. Siku ya tatu mama mkwe akaja jikoni kwangu, uso umemshuka.

"Baba yako anasema ameisha. Jumatatu anaipeleka bunduki polisi, hataki tena."

Wakuu, iliniuma. Viazi vyangu vilikuwa shambani, ndiyo, lakini kilichoniuma zaidi ni mzee mwenyewe. Mtu aliyelinda mashamba ya watu miaka yote anaondoka kwa kuchekwa?

Nikamwambia mama: "Kabla hajaipeleka, apige karatasi. Risasi tatu tu. Kisha niletee hiyo karatasi."

Hapa nitoe angalizo. Leseni ni ya mzee, si yangu. Kwa sheria siruhusiwi kuishika ile bunduki, na kwa mila siruhusiwi kumkaribia mwenyewe. Kwa hiyo nilikuwa fundi asiyeshika kazi wala kumwona mteja.

Mzee akaenda kwenye kingo ya udongo chini ya shamba, mahali ambapo nyuma hapana nyumba wala njia. Akaegemeza bunduki juu ya gunia la mchanga, hatua hamsini, akapiga mfuko wa saruji uliochorwa duara. Mama akaniletea mfuko.

Matundu matatu. Moja juu, moja katikati, moja chini kabisa. Lakini yote kwenye mstari mmoja, kama ngazi.

Nikacheka kwa furaha, mama akashangaa.

Iko hivi. Angekuwa anatetemeka au anaogopa mlio, matundu yangetawanyika kila upande. Ngazi maana yake kulia na kushoto anaona vizuri, ila hajui nundu ya saiti ya mbele imekaa juu kiasi gani ndani ya mwanya wa saiti ya nyuma.

Jioni kikao kikafanyika. Mzee barazani, mimi jikoni, mama mlangoni katikati.

"Mama, muulize: ule mwanya wa nyuma anauona umekatika vizuri, au una ukungu?"

Mama akageuka: "Anauliza..."

"Nimesikia, mimi si kiziwi," mzee akasema. "Mwambie una ukungu. Tangu miaka ile nilipoanza kuvaa miwani ya kusomea."

"Na kile kibati chenye vidaraja kinachoinua saiti ya nyuma, akikigusa kinatikisika?"

Tukasikia kidole kinagonga chuma.

"Kinacheza kama jino la mtoto," mzee akajibu. Safari hii hakumsubiri mama.

Basi magonjwa yalikuwa mawili. Kibati kimelegea, saiti inapanda na kushuka yenyewe. Halafu macho ya uzeeni hayawezi kuona vitu vitatu kwa pamoja: mwanya wa nyuma, nundu ya mbele na mnyama. Lazima kimoja kifie kwenye ukungu.

Dawa niliyopendekeza ni saiti ya tundu. Inafungwa nyuma zaidi, karibu na jicho. Unachungulia tu kama kwenye tundu la mlango, jicho lenyewe linatafuta katikati. Unabaki na kazi ya nundu na mnyama. Nikaongeza nundu nyeupe mbele, maana ile ya zamani ilikuwa nyeusi, na asubuhi zetu za Rungwe zenye ukungu mnazijua.

Ambakisye akaongozana na baba yake mpaka Mbeya kwa fundi wa bunduki mwenye kibali, wakiwa na karatasi zote. Vifaa viliagizwa, tukangoja wiki kadhaa. Nguruwe hawakungoja.

Iliporudi, mfuko wa saruji mwingine. Wakuu, matundu matatu yangefunikwa na kisahani cha kikombe! Ila yote yalikuwa chini ya duara.

Nikasema: "Mwambie apandishe tundu la nyuma kidogo."

Mzee akabisha. "Risasi inakwenda chini, halafu nipandishe? Si nishushe?" Akashusha. Risasi ikalima udongo chini ya mfuko.

Mama akarudi anacheka, kanga mdomoni. "Amesema urudie ulivyosema."

Saiti ya nyuma inasogezwa kule unakotaka risasi iende. Ya mbele ni kinyume chake. Wengi wanakwama hapo, hata kazini kwetu ilikuwa hivyo.

Akapandisha. Katikati ya duara.

Alhamisi yake asubuhi nikasikia mlio mmoja. Mmoja tu. Kisha vigelegele upande wa shamba. Dume kubwa, meno kama mundu, limelala kati ya matuta ya viazi. Waliokuwa wanacheka vilabuni ndio waliokuja wa kwanza na visu kutafuta mnofu.

Mchana nipo jikoni namenya ndizi. Nikasikia hatua nje, zikasimama. Nikajua ni yeye, nikageukia ukuta. Naye, mama aliniambia baadaye, alikuwa amegeukia migomba.

"Mwanangu," akasema. "Ndaga fijo."

Asante sana, kwa Kinyakyusa. Miaka sita, hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyoniambia mimi mwenyewe.

Nilijibu kwa kupiga goti palepale, maganda mkononi. Akaondoka taratibu.

Nilichojifunza: mtu akikosa shabaha, usikimbilie kusema amezeeka. Mpe karatasi, matundu yatasema kama shida ni mkono, jicho au chuma. Na mwenye leseni asijifanyie ufundi nyumbani, aende kwa fundi anayetambulika.

Wenye macho ya miaka sitini kwenda juu, mnatumia saiti gani? Na nyie mliooa au kuolewa Unyakyusa, kwenu mila hii bado ipo? Uwanja ni wenu, hata wa kubisha wakaribie.