Joto la Ng'ambo ya Barabara

Mke wangu Jytte ameshona mapazia ya nusu ya mji wetu huu wa Jutland, jimbo la baridi na upepo, lakini ya dirisha letu la mbele hayafungi kamwe. Anataka kumwona Solvej. Solvej ni jirani yetu wa ng'ambo ya barabara. Walikaa dawati moja shuleni, na tangu wakati huo kila anachopata Solvej, Jytte roho inamuuma: baiskeli nyekundu, baraza ya vioo, hata waridi linalowahi kuchanua.

Safari hii Solvej akapata joto. Halmashauri ilikuwa imeamua tuachane na gesi ya kupashia nyumba joto. Upepo ukivuma sana, umeme wa mitambo ya upepo unakuwa rahisi, basi ushirika wetu unachemshia maji kwenye tangi kubwa, na maji hayo yanapita chini ya ardhi mpaka majumbani, yakipasha sakafu joto. Sharti lao, bomba haliletwi upande wowote wa barabara mpaka nyumba za kutosha ziweke saini. Upande wa Solvej ulitimia mapema, maana yeye ni mjumbe wa ushirika na alipita mlango kwa mlango na keki ya mdalasini. Upande wetu ilibaki saini moja tu, ya Jytte, kwani nyumba ni yake, aliachiwa na mama yake. Mwisho ulikuwa Ijumaa.

"Nyumba zote kazipitia, sisi katuweka mwisho," Jytte alisema. "Nisaini ili apate sifa yeye? Thubutu!"

"Mke wangu, majirani wametununia."

"Wanune wapasuke. Boila langu la gesi linapasha nyumba vizuri tu."

Nilikasirika. Nampenda Jytte, ila kijicho chake kinachosha. Jumatano boila likazima. Fundi akasema kipuri chake hakipo dukani, watu hawakinunui tena. Tukakaa na makoti mezani tukila mkate mweusi, mpaka Solvej akabisha hodi.

"Jamani, mtaganda humu. Njooni kwangu."

Sebuleni kwake nilivua viatu, joto la sakafu likanipanda hadi magotini. Nilitamani kulia kwa raha. Jytte alikaa ukingoni mwa kiti, koti kalifunga mpaka shingoni. Kikombe cha kwanza cha kahawa alikivumilia. Cha pili kikamshinda.

"Nakuonea wivu, Solvej. Tangu shule. Haya, nimesema, cheka!"

"Nicheke nini, shoga? Mbona na mimi nakuonea wewe. Ndiyo maana kwako nilichelewa kuja."

"Mimi nina nini cha kuonewa wivu?"

Solvej alinitazama mimi. Zamani, kabla sijamjua Jytte, nilicheza dansi na Solvej majira mazima ya kiangazi, na nilidhani dunia nzima imeshasahau. Nikainamisha macho kwenye soksi zangu.

"Soksi yako ina tundu, Verner," Solvej akasema taratibu. "Ivue nikushonee. Humu hutasikia baridi."

Jytte akasimama.

"Hiyo karatasi yenu ya saini iko wapi?"

Solvej akaileta. Jytte alisaini kwa nguvu, nusura kalamu itoboe mpaka mezani.

"Waambie walete bomba upesi," akasema. "Na wewe, Verner, vaa viatu. Tunarudi kwenye baridi yetu."