Neti ya Ardis

Ardis Skaar hajui kutulia. Akija dukani kwangu kununua chambo, huyapanga upya makopo yangu ya minyoo bila kuombwa. Hapa Ziwa Tamarak kila mtu anajua pa kumtania. Miaka thelathini na moja iliyopita baba yake, mzee Torvald, alimnasa woleye, samaki wa macho meupe, mkubwa ajabu, Ardis akakurupuka na neti ya kumwopolea, akagonga mshipi, na samaki akaenda zake na ndoana. Haraka haraka haina baraka, tunamwambia mpaka leo. Kisa hicho kimechekesha harusi tatu na msiba mmoja, naye tangu siku hiyo hajashika neti.

Jumamosi moja ya Mei waliingia ziwani kwa mara ya mwisho. Mzee ana miaka themanini na minne, mikono inamtetemeka, na mnunuzi wa mashua yao angekuja Jumatatu. Ardis alitaka kitu kimoja tu: baba apate woleye mmoja wa maana kabla mashua haijaondoka.

Asubuhi nzima, patupu. Ardis akabadilisha chambo, akahamisha mashua, akahamisha tena.

"Kaa chini, mwanangu! Unawatia samaki kizunguzungu."

Saa tano mshipi wa mzee ukaguswa, kidogo tu, kama mtu anayebisha hodi kwa kidole. Akavuta. Fimbo ikapinda, samaki akatikisa kichwa kwa hasira na kupiga mbizi chini ya mashua.

"Ardis! Mikono imegoma. Shika fimbo!"

"Mimi? Nitampoteza!"

"Shika, nimesema!"

Akashika. Samaki alipotaka kwenda, alimwachia mshipi, alipochoka, aliuvuta. Hatimaye macho yale meupe yakang'aa ubavuni mwa mashua, samaki mrefu kama mkono wake. Mzee akainama na neti. Mikono ikamsaliti, chuma cha neti kikagonga mshipi, ndoana ikachomoka.

Walipoingia dukani tulikuwa watu watano tunakunywa kahawa.

"Haya mzee Torvald, yuko wapi?" nikauliza.

Mzee akafungua kinywa. Ardis akamwahi.

"Tulimnasa kweli. Nikamgonga na neti. Tena."

Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Mimi ndiye niliyecheka kuliko wote, na sasa naona aibu.

Jumapili, kabla sijamaliza kufungua duka, Ardis alikuwa mlangoni. Akanisimulia yote. Walipofika nyumbani, getini, ndipo baba yake akatamka: "Yule wa kwanza hukumpoteza wewe. Mshipi ulirudi ncha imejikunja kama mkia wa nguruwe. Ukikatika haujikunji hivyo. Fundo langu ndilo lililofunguka. Niliona siku ileile."

"Miaka yote hiyo?" nikasema. "Ukamjibu nini?"

"Nilimfokea. Halafu nikalia. Halafu nikampigia yule mnunuzi, nikamwambia mashua haiuzwi."

Nje, mzee alikuwa ameketi ndani ya gari, kofia kichwani, anatazama ziwa. Ardis akachagua neti pana kuliko zote nilizonazo, akaiweka kwenye kaunta.

"Leo fundo nafunga mimi," akasema. "Na neti nashika mimi."

Makopo yangu hakuyagusa.