Nilimfuata Mtani Wangu kwa Gari la Jua

Simu ya msiba ilinikuta nikiwasomesha watoto wa chuo, juzuu ziko wazi mapajani mwao. Mtani wangu wa Geita amefariki, watamzika keshokutwa mchana. Niliinamisha kichwa nikasema inavyopasa kusema, kwamba sote ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea. Kisha nikawaruhusu watoto, nikaenda nyumbani, nikamwambia binti yangu:

"Mwanangu, toa turubai kwenye gari. Tunakwenda mazikoni."

Akaniangalia. "Kwa lile, Baba? Mabasi yapo."

"Kwa lile."

Hakuuliza sababu. Alikuwa anaijua.

Babu yangu alikuwa Mzaramo aliyeifuata reli mpaka bara, akaoa Shinyanga na kubaki. Mimi nimezaliwa hapa. Kisukuma nakisema sokoni na nyumbani, Kizaramo sikijui hata salamu. Lakini utani haufi kwa kuhama. Kwa Wasukuma, mtu wa pwani ni mtani, na mtani msibani ana ruhusa zake. Atamwigiza marehemu, atazuia mazishi, atachukua kitu cha wafiwa na kukatalia nacho mpaka apewe chochote. Mfiwa hakasiriki. Akikasirika amejiaibisha mwenyewe.

Marehemu alikuwa Msukuma mwenye kituo cha mafuta Geita. Tulijuana tangu ujana, tulipokuwa tukiuza nguo minadani, na tulitukanana kwa raha miaka yote hiyo. Msiba wa mke wangu ndio ulioharibu.

Binti yangu ni fundi wa umeme wa jua, anafunga pampu za visima vijijini. Gari lile lilikuwa kirikuu, pikapu ndogo ya mizigo, injini imekufa. Aliing'oa injini akaweka mota na betri, na juu akajenga paa pana la paneli, hata gari likafanana na meza yenye magurudumu. Mama yake ndiye aliyekuwa akizifuta paneli vumbi kila asubuhi kwa kanga yake. Siku moja, akiwa tayari anaumwa, alikataa bajaji, akataka apelekwe kliniki kwa gari la mwanawe. Wingu likatanda, gari likazimika Ibadakuli, vijana wakatusukuma. Mke wangu alicheka njia nzima. Alifariki wiki kadhaa baadaye, kwa maradhi yake, wala si kwa wingu lile.

Mtani alikuja msibani. Akaichukua kanga ile kwenye kamba ya nguo, akajifunga, akapanda juu ya gari mbele ya watu wote, akaanza kukohoa. Alikohoa kikohozi cha mke wangu hasa.

"Jamani, hawa walinipakia kwenye sinia! Nilikuwa nasubiri wingu lipite, mauti yakapita kwanza!"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mimi nami nilitoa meno, ndiyo adabu. Binti yangu aliingia ndani. Tulipoanua tanga alilifunika gari turubai, akarudi kwenye pampu za watu, asiliguse tena. Kanga mtani aliondoka nayo. Nilimpa jogoo ili aiache. Akachukua jogoo, na kanga akaenda nayo.

Dini inamruhusu mtu alipe kwa kadiri alivyotendewa, na inasema kusamehe kuna daraja ya juu zaidi. Nimewafundisha watoto wa watu jambo hilo tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi. Mimi sikuitaka ile daraja. Kila baada ya swala nilishukuru kwa pumzi, kwa chakula, kwa binti mwema, kisha nikaomba nipewe umri kumzidi mtu yule. Watu walinisifu kwa subira. Hawakujua nilikuwa nasubiri nini.

Sasa umri nilikuwa nimepewa. Kilichobaki ni kufika kabla hajafukiwa, maana kaburi likishafunikwa mtani hana tena la kucheza. Na ilibidi tufike kwa jua lenyewe, ili nilisimamishe gari lile mbele ya jeneza lake, na binti yangu akiwa kwenye usukani.

Siku ile alihangaika na nyaya na betri mpaka usiku. Asubuhi iliyofuata tukatoka. Gari lilikwenda kimya kabisa, tukisikia mpaka mawe madogo chini ya matairi. Mbuzi hawakutusikia tukija, wala waendesha baiskeli, na binti yangu alipiga honi mpaka akachoka. Mabasi yalitupita, abiria wakitoa vichwa madirishani.

"Mzee, unaanika mchele huko juu?"

"Naanika maneno ya mtu," nikawajibu. Binti yangu hakucheka.

Tulisimama Tinde kwa swala ya adhuhuri. Kusimama hakukutupotezea kitu. Gari likiegeshwa juani hujaza betri kuliko linapotembea, na tulihitaji chaji hiyo kutufikisha Kahama. Tukaliacha peupe, jua la utosi, tukaingia msikitini. Nilirefusha dua kwa makusudi, kila dua moja betri zikinywa.

Tulipotoka gari halikuwepo. Lilikuwa ng'ambo, chini ya mwarobaini mkubwa, limetulia kivulini tuli kama kuku anayeatamia. Wauza machungwa walikuwa wamekaa kando yake, wameridhika.

"Shikamoo babu," mkubwa wao akasema, akijifuta jasho. "Tumewasukumia kivulini. Mngekuta viti vinaunguza."

"Marahaba," nikasema.

Binti yangu alishika kichwa. "Kaka zangu, hili linakula jua! Mmelinyima chakula!"

Wakatazamana. "Gari linakula jua?" mmoja akauliza. "Basi hapa Tinde lingenenepa."

Wakalisukuma tena kwenda juani, wakatupa machungwa kwa kutaka radhi. Niliwaombea heri. Lakini ndani nilimlaumu marehemu, nikaona kama ndiye aliyewatuma. Tulikaa pale tukingoja betri, tukila machungwa yale, na saa zikienda. Kahama tuliingia jua likizama, gari likitambaa, tukalala kwa jamaa.

Siku ya pili njia ilikuwa na vipande vya vumbi, na malori ya machimboni yakipita upande huu na huu. Kila lori lilituachia wingu jekundu, na paneli zikageuka rangi ya tofali. Kila mara tulisimama tufute. Matambara ya binti yangu yalijaa vumbi mpaka yakawa yanachafua badala ya kusafisha. Nikavua koti langu la kuvalia juu ya kanzu, koti la Ijumaa, nikafutia. Mkono ulipokuwa ukienda na kurudi niliikumbuka kanga ile, na hasira ikanipanda upya, nikasugua mpaka binti yangu akaniambia, "Baba, utakwangua."

Tulikuwa tumekwisha pita Kakola, vilima vya Geita vinaonekana, ndipo mbingu ikafunga. Gari likapunguza mwendo, likasimama kwenye mpando. Dereva wa lori akaegesha mbele yetu, akashuka na mnyororo, akanisalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila, mzee. Nikuvuteni? Naingia Geita sasa hivi."

Binti yangu akanigeukia. "Baba, tukivutwa tutawahi."

"Tukivutwa mtani atakuwa amesema kweli."

"Na tukichelewa?"

Nilimshukuru dereva, akaenda zake akitikisa kichwa. Tukabaki kando ya barabara, wawili, tunatazama juu. Sikuwa nimewahi kumwomba Mungu kwa ukali namna ile. Sikuomba mvua, sikuomba rehema. Niliomba wingu liondoke, ili nimfikie maiti.

Binti yangu akaanza kucheka. Alicheka polepole kwanza, kisha akainamia usukani, mabega yakimtikisika.

"Tunasubiri wingu lipite, Baba."

Ndiyo yale maneno ya mtani, karibu neno kwa neno. Tangu mama yake afe sikuwa nimemsikia akicheka hivyo. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeyabeba maneno hayo nimrudishie mwenyewe, na sasa yalikuwa yametumika njiani.

Wingu likapita. Gari likatikisika, likapanda.

Nyumba ya marehemu iko nyuma ya kituo chake cha mafuta. Tulipita katikati ya pampu zake bila sauti, watu wakitupisha, mpaka nyuma uani walikochimba kaburi. Jeneza lilikuwa limekwisha wekwa kwenye kamba, padri amefunga kitabu. Nilishuka na kanzu yangu nyekundu kwa vumbi, nikaenda nikakaa juu ya lundo la udongo.

"Hakuna kuzika!" nikasema. "Huyu ni wangu."

"Mtani!" sauti ikaitikia. "Mzaramo kaja!"

Nikasimama, nikatoa tumbo mbele, nikavuta mguu wa kushoto kama alivyokuwa akiuvuta yeye, nikashika mpira wa pampu ambao haupo, nikasema kwa sauti yake ya puani, "Jaza, jaza, wewe jaza tu!" Kicheko kikalipuka. Nikawageukia wabeba jeneza.

"Fungueni hapo tuangalie, hajaiba dumu? Maana huko anakokwenda hawezi kuuza. Huko moto ni wa bure!"

Nililikusudia neno hilo. Si mzaha, nilimaanisha moto wenyewe, na mbele ya Mungu najua nilivyomaanisha. Nilimtafuta mjane kwa macho nione limemchoma wapi.

Alikuwa anacheka. Alikuwa ameshikiliwa na wanawake wawili, machozi yakimshuka, anacheka mpaka anakosa pumzi. "Ndiye," alisema, "ndiye kabisa, anavyouvuta mguu!" Wanawe walicheka. Mzee mmoja alinishika mkono akanishukuru, akasema tangu juzi mama huyu hajatia kitu kinywani, pengine sasa atakula. Kila nilichorusha walikipokea kama wali.

Walipomaliza kumfukia, mjane akaniita mlangoni. Mkononi alikuwa na kanga ya mke wangu, imekunjwa.

"Chukua mali yako, mtani. Kila Iddi alikuwa anasema, mwaka huu yule Mzaramo atakuja kuidai, mchinjieni mbuzi. Ulikawia wapi?"

Ndivyo ilivyo desturi. Kitu anachokatalia mtani kinafuatwa kwake, kwa matusi na kwa chakula. Naijua desturi hiyo tangu nikiwa mtoto. Nilipokea kanga, nikasema, "Nilikuwa natafuta usafiri." Akacheka tena.

Lakini sikumsamehe. Nilitoka pale nikiwa kama mtu aliyenyang'anywa. Nilikuja kumwaibisha, yeye amelala na kicheko changu juu yake, na mkewe kala. Kulikuwa na kisasi kimoja tu kilichobaki. Nikamwambia binti yangu asogeze gari mbele, kwenye uwanja wa kituo, pale paa la marehemu lisipofika, jua linapopiga. Nikatandika mkeka kando yake nikaswali. Wachimbaji wa dhahabu na vijana wa pampu walizunguka gari, binti yangu akiwaonyesha nyaya, akieleza mikono ikiruka, akijibu kila swali. Mchana ule lilikunywa jua juu ya ardhi ya mtu yule, bila kununua tone.

"Baba, limejaa zamani," akaniambia.

"Acha lijae tena."

Katika kurudi, asubuhi tulipotoka Kahama, alizifuta paneli kwa kanga ya mama yake, akaikung'uta, akajifunga kichwani. Ilikuwa imekaa nyumba ile muda mrefu mno. Harufu ya petroli ilinijaa puani mpaka tunaingia Shinyanga.