Jina Nililoliita Piyaya

Mwanangu, ipo siku moja ambayo nikiikumbuka hadi leo natamani ardhi ipasuke nizame. Nakusimulia kwa sababu jana nilikuona ukichapa ripoti bila hata kutazama imevuta majina kutoka wapi, nikajiona mimi mwenyewe.

Nilikuwa binti wa kijiji cha Qurus, nimetoka chuo juzi tu, najua kompyuta kuliko wote ofisini, na kichwa kimevimba kweli kweli. Mradi wetu pale Karatu ulikuwa unagawa mitamba kwa kaya za wafugaji zilizopoteza ng'ombe kwa ukame. Majina yalikuwa kwenye kanzidata mbili: ya zamani, iliyoandikwa kabla ya ukame, na mpya, tuliyoiandika baada ya kupita boma kwa boma. Ripoti ilikuwa moja. Wewe unachagua tu isome ipi. Asubuhi ya safari niliigeuzia ile ya zamani nilinganishe kitu kidogo, nikasahau kuirudisha. Nikachapa orodha, nikagonga mhuri. Mwenzangu akaniuliza kama nimehakiki. Nikamjibu kwa nyodo kwamba kazi yangu naijua.

Kijijini Piyaya tulikuta watu wameshakaa wanatusubiri. Nikasimama, nikasoma kwa sauti. Jina la tatu halikuitikiwa. Nikaliita tena, na eti nikatia mzaha kwamba mwenyewe asipokuja upesi mtamba wake anapewa mwingine.

Mtoto mdogo wa kike akashuka mapajani mwa mama yake, akageuka kutazama njiani. Mama akajifunika uso kwa shuka.

Kwa Wamasai, mwanangu, jina la marehemu halitajwi. Nilijua, nani Karatu asiyejua hilo? Yule bwana alifariki wakati wa ukame, na kwenye kanzidata mpya tulikwisha kumwandika mjane wake. Mimi nilishika orodha ya zamani, na humo mjane hakuwemo kabisa. Mtamba ule ndio ungekuwa ng'ombe wake pekee.

Mwenyekiti wa kijiji, mzee mpole, akaja akaikunja karatasi mkononi mwangu. Akasema taratibu, "Binti, huyu mama ulimwandika kwa mkono wako mwenyewe. Leo umemwacha yeye, ukamwita asiyeweza kuja."

Ugawaji ukaahirishwa kwa sababu yangu, na njia nzima ya kurudi hakuna aliyenisemesha.

Wiki iliyofuata nilirudi na orodha sahihi, mjane akapata mtamba wake. Nikapiga magoti kumwomba radhi. Akanishika mkono, akasema amenisamehe. Kisha akaniambia, "Lakini mtoto bado ananiuliza kama mlimpita baba yake njiani."

Nililia, mwanangu, na sikuwa na haki ya kulia mbele yake.

Basi nisikilize. Kabla hujachapa chochote, tazama ripoti inasoma kanzidata ipi, na uiandike juu kabisa ya ukurasa kila mtu aione. Ukiigeuza, irudishe kabla hujainuka kitini. Mwenzako akikuuliza kama umehakiki, usimnunie. Hakiki tena mbele yake, umshukuru. Na unapofika kwa watu, soma polepole, uwatazame usoni.

Nenda, Mungu akutangulie, na kila jina utakaloliita liitikiwe.