Mama Ngoja na Chupa ya Maua

Jina la Mama Ngoja halimo kwenye kitambulisho chake. Alipewa na watazamaji wake wa mtandaoni, tena walimpa kwa kuchoshwa. Wakimwuliza kama blenda fulani inafaa, "Ngoja kwanza." Wakimwuliza kama ile sufuria nyekundu inashika chini, "Ngoja kwanza." Mtu alikuwa ameshanunua, ameshatumia, kitu kimeshamfia mkononi, ndipo yeye anatokea na video yake kusema hakifai. Basi wakamcheka, wakambandika jina, naye akalipokea bila kinyongo kwa sababu aliona limemkaa.

Kazi iliyomlisha ilikuwa kushona mapazia. Chumba chake cha mbele kilikuwa na cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, na majora ya vitambaa yaliyopandana ukutani mpaka yakakaribia dari. Upande wa dirishani palikuwa na rafu mbili alizozipa majina. Ya juu iliitwa Sawa, ya chini iliitwa Bado. Chini ya rafu hizo kulikuwa na kapu kubwa lililoitwa Hapana, na hilo kapu ndilo lililojaa kuliko vyote.

Chombo kikiingia nyumba ile kilikiona cha mtema kuni. Ndoo ilijazwa maji pomoni ikaburutwa uani kwa mkono mmoja. Sufuria iliunguziwa uji makusudi, kisha ikasuguliwa na mtu mwenye hasira. Kikombe kiliangushwa sakafuni mbele ya kamera, kwa sababu, alisema, katika nyumba yenye watu kikombe kitaanguka tu, afadhali kianguke mbele ya mashahidi.

Aliyeshika simu ya kurekodia ni mumewe, kinyozi. Kwa ufundi wake wote wa kushughulikia vichwa vya watu, kwenye video alikuwa akiviacha nje, hata watazamaji wakazoea kumsikiliza Mama Ngoja huku wakitazama shingo yake. Siku moja kinyozi alimwuliza, "Mke wangu, hivi mimi niko rafu gani?" Akajibiwa bila mtu kuinua macho kwenye cherehani, "Ya chini." Na hao wana watoto watu wazima.

Kwa mwendo huo wa kobe, wafuasi walikuja mmoja mmoja, lakini waliokuja walikaa. "Mama Ngoja amesema" ikawa kauli ya kumaliza ubishi dukani. Na katika wote waliomwamini hakuna aliyemzidi dada yake mkubwa, muuza chai. Kila asubuhi dada alipita mtaa wa karakana, kwa maseremala, wachomeleaji na wachapaji, na kapu lake la chupa za chai mkononi. Mambo ya mtandao hayakumhusu kitu. Alichojua yeye ni kwamba mdogo wake, tangu akiwa wa kubebwa, hasemi kitu asichokijua.

Sasa akatokea kijana mmoja aliyejiita Kasi, na jina halikumwonea. Kasi alifungua boksi mbele ya kamera, na kabla nailoni haijafika chini alikuwa ameshakisifu kilichomo. Kila kitu kwake kilikuwa moto wa kuotea mbali. Wafuasi wakamiminika. Mama Ngoja alisema hamwonei wivu hata chembe, na alimtazama kila siku ili kuhakikisha kwamba hamwonei wivu.

Ndipo wakala mmoja wa vyombo alipompigia simu. "Mama, hawa vijana wanapiga domo tu," alisema. "Jina ni wewe. Ila mzigo wa chupa mpya za chai unaingia madukani wiki hii, na Kasi ameshaomba chupa yake." Kilikuwa kilemba cha ukoka, na Mama Ngoja alikijua. Alikivaa hivyo hivyo.

Chupa ikaja. Ilikuwa chupa ya chai nyeupe, yenye maua ya waridi na mkono mpana wa kushikia. Kwa chupa za chai alikuwa na utaratibu wake. Siku ya kwanza aliijaza asubuhi, akaifunga, akaiacha mpaka adhuhuri. Siku ya pili aliijaza tena, safari hii akawa anaifungua na kumimina, anafunga, anafungua na kumimina, asubuhi nzima, kama nyumba iliyoingiliwa na wageni. Siku ya kwanza chupa ilifaulu bila ubishi. Mvuke ulipanda, na kinyozi, aliyepewa heshima ya kuonja, aliunguza ulimi akaruka mpaka akagonga majora.

"Haya, kesho ndiyo ya kumimina," alisema kinyozi alipopata tena uwezo wa kusema.

"Kesho Kasi atakuwa ameshatuma yake. Ulimi wako si ushahidi?"

"Ulimi wangu ni ulimi wangu. Utaratibu ni wako."

Lakini Mama Ngoja alikuwa ameshakaa sawa mbele ya simu, ushungi umenyooshwa. Alisifu, akapiga na chuku kidogo, akamalizia kwa neno ambalo hakuwahi kulisema juu ya kitu chochote: "Dada zangu mnaouza chai, hii ichukueni mkiwa mmefumba macho." Video ikatumwa alasiri ile ile. Ikapaa. Kwa mara ya kwanza alimtangulia Kasi, na kwa siku kadhaa kichwa chake kilivimba hata kupita mlangoni ikawa kazi.

Wiki chache baadaye alikwenda kutundika mapazia kwenye ofisi ya wachapaji. Alikuwa juu ya ngazi, pini mdomoni, wachapaji walipokusanyika chini kunywa chai.

"Hii chai, au maji ya kunawia?" mmoja aliuliza.

"Usimseme mama wa watu," mwingine akamjibu. "Kesho tuvuke tu barabara, tukanywe kwa yule mwingine."

Mama Ngoja akatazama chini. Pembeni ya mlango alikaa dada yake, na mbele yake zilipangwa chupa nyeupe zenye maua ya waridi, kila moja imefungwa mtandio kama mtoto mwenye homa. Alishuka ngazi haraka kuliko alivyowahi kushuka kitu.

"Dada, hizi chupa zina nini?"

"Hazina kitu, mdogo wangu. Mimi ndiye mwenye kasoro. Naona sijui kuzifunga." Dada alisema kwa sauti ndogo ili wateja wasisikie. "Nimeirudia ile video yako mpaka nimechoka, nione unavyokaza kizibo. Labda mkono wangu umeshakuwa mzito."

"Na zile za zamani?"

"Niligawa. Wewe si ulisema tufumbe macho? Ningeziweka za nini?"

Mama Ngoja alipiga magoti mbele ya chupa zile. Alichukua chupa, akafungua, akafunga, akafungua tena, akapitisha kidole kwenye kizibo. Mpira wa kizibo ulikuwa umelegea kama soksi kuukuu. Chupa ile ilitunza moto vizuri kabisa, mradi usiifungue. Ukishaifungua mara kadhaa, chai ilibaki na jina tu. Asubuhi moja ya kumimina ingetosha kuiumbua.

"Si mkono wako," alisema. "Ni mimi. Sikuimimina."

"Hukuimimina vipi? Hii si chupa ya chai?"

"Niliijaza, nikaifungua mara moja, basi. Nilikuwa na haraka."

Dada aliichukua chupa kutoka mkononi mwake. "Wewe? Haraka?"

Hakugomba. Mama Ngoja alitamani agombe, apaze sauti, amwite majina yote ya utotoni mbele ya wachapaji. Dada aliokota vikombe vyake, akazifunika chupa zake na mitandio yao, akaenda zake mtaa wa pili kuuza chai baridi.

Nyumbani kinyozi alitoa ushauri wa kinyozi. "Ifute. Ikate, iondoke. Watu wana mambo yao, nani atakumbuka?"

"Dada atakumbuka."

Kinyozi akainuka. Akaenda kuchaji simu.

Asubuhi iliyofuata walikwenda wote wawili mtaa wa karakana. Mama Ngoja alibeba chupa zake mwenyewe kutoka rafu ya juu, zile zilizokwishapigwa, kuangushwa na kumiminwa mpaka zikakoma, akamkabidhi dada yake mbele ya wateja. Kisha akaomba kusema neno. Mchomeleaji mmoja, jitu la miraba minne, akamzuia kwa mkono.

"Kunywa kwanza," alisema. "Radhi baadaye."

Wakamletea kikombe kutoka kwenye chupa ya maua. Chai ilikuwa vuguvugu la kukera, na maziwa yameganda juu utando. Mama Ngoja akapiga moyo konde, akainywa yote, na uso alioufanya uliwachekesha wachomeleaji mpaka wakavua miwani yao. Kinyozi naye alicheka, kamera ikatikisika, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake yote kichwa cha mkewe kikaingia chote kwenye picha.

Baada ya hapo alisema. Alisema alichokifanya na alichokiruka, bila kuzungukazunguka. "Sikukusudia kuwadanganya. Nilitaka kuwahi. Lakini aliyekunywa chai baridi hajali mimi nilitaka nini." Ile video ya kusifu hakuifuta. Aliibandikia maneno haya mwanzoni, ili kila atakayekuja kuitafuta akutane na kosa kabla ya sifa.

Wakala alipiga simu akiwaka. "Mama, umetuharibia jina!"

"Jina lenu mtajua wenyewe. Langu nililiharibu peke yangu, wala sikuhitaji msaada."

Mtandaoni walimsema. Wengine walimwita mnafiki wakahama, na Kasi akatengeneza video nzima ya kumcheka, nzuri tu kwa kweli. Waliotazama radhi hawakufikia hata robo ya wale waliotazama sifa, na hilo lilimwuma sana. Alilia kidogo juu ya pazia la mtu, ikabidi alifue. Kisha akarudi kwenye rafu zake, akiwa mzito kuliko zamani. Ufagio mmoja ulikaa kwenye majaribio mpaka ukaisha wote, na huko kuisha ndiko kukawa hukumu yenyewe.

Wateja wa dada walirudi mmoja mmoja, wachapaji wakiwa wa mwisho, maana ni watu wa kununa. Ndugu hao wawili waliendelea kutembeleana. Walizungumza habari za watoto, za magoti, za jirani anayepiga muziki. Lakini habari za kununua kitu hazikutajwa tena. Siku moja Mama Ngoja alikuta ndoo mpya uani kwa dada yake. Mshikio wake ulikuwa mwembamba, ungemkata mtu vidole. Aliutazama, akaumeza ulimi.

"Ndoo nzuri," alisema.

"Inachota maji," dada akajibu.

Maneno yote ya mtandaoni, ukiyakusanya, hayakumchoma kama hayo.

Ikapita miezi. Asubuhi moja alikuwa kwenye cherehani simu ilipoita. Ni dada.

"Pasi yangu imeungua."

"Pole, dada."

"Niko hapa dukani. Kuna ya bluu na ya kijani. Muuzaji anasema ya bluu. Na yule kijana wako, Kasi, mwanangu kaniangalizia, naye anasema ya bluu." Dada akashusha sauti. "Nichukue ipi?"

Mama Ngoja alisimamisha cherehani. Alitamani kusema bluu. Alitamani kusema kijani. Angesema rangi yoyote ile, mradi dada asikate simu.

"Sijui, dada," alisema. "Sijawahi kuzitumia."

"Utajua lini?"

"Hilo nalo sijui. Itachukua muda."

Upande wa pili alimsikia dada yake akimwambia muuzaji azirudishe zote kwenye kabati, na muuzaji akilalamika, na dada akimkatiza. Kisha sauti ikarudi kwenye simu.

"Haya. Mimi nitavaa nguo zangu na makunyanzi yake mpaka utakaponiambia."

Simu ikakatika. Mama Ngoja aliliacha pazia la watu chini ya sindano, kwa furaha akavaa viatu vya mumewe bila kutambua, akatoka mbio kwenda kununua pasi zote mbili.