Tumbo Langu na Tumbo la Dada Salome

Mimi ni mtu wa Iguguno, nimezaliwa hapa na nimezalia hapa. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo haya ninayoandika yasomeni polepole, na pale nitakapopotea njia mnivumilie, nitarudi. Kina mama wa kanisani ndio walioniomba niyaweke kwenye karatasi, kwa sababu nikiyasema kwa mdomo nafika katikati nashindwa.

Kabla ya tumbo nilikuwa na nguvu zangu. Alizeti nililima mwenyewe, nikapiga mwenyewe, nikapepeta mwenyewe. Kuku sikuwahi kukosa, isipokuwa mwaka ule kideri kilipopita kikamaliza wote, akabaki jogoo mmoja kilema, na huyo aliishi miaka mingi kwa ubishi tu. Lakini sikuja kusema habari za jogoo.

Tumbo lilianza baada ya mavuno. Kitenge kilichokuwa kinanizunguka mara mbili kikaanza kukataa. Watu wakanisifu. Huku kwetu mwanamke mzee akiota tumbo wanajua watoto wanamtunza. Mama Neema, jirani yangu, akaniuliza, "Mwenzetu unakula nini humo ndani peke yako?" Nikacheka naye. Mwenyewe nilijua sili cha kuzidi. Tonge mbili, tatu, nimeshiba.

Hapa lazima niseme habari ya dada yangu Salome, maana bila yeye hamtaelewa ujinga wangu. Salome ndiye aliyenitangulia, baba mmoja mama mmoja. Mumewe alifariki mapema, akarudi nyumbani na binti yake Eliza. Naye, miaka mingi nyuma, alianza hivihivi, tumbo. Mimi ndiye niliyemuuguza, na mimi ndiye niliyesema ni mafuta. Nilimwambia, dada, umekaa mno, shamba huendi, unataka tumbo lisiote? Nikampunguzia ugali. Kisha nikamfunga tumbo kwa kitenge, vile tunavyowafunga wazazi wakishajifungua ili tumbo lirudi. Unaweka goti mgongoni, unavuta. Salome alikuwa anasema, "Taratibu, mdogo wangu, pumzi haifiki." Mimi nikavuta. Mama mkwe alinifunga hivyo kwa watoto wangu wote sita na tumbo lilirudi, kwa nini la Salome lisirudi?

Alikufa amekaa, maana kulala hakuweza tena. Mikono ilikuwa imebaki mifupa, na tumbo liko palepale, limefungwa. Msibani walisema amerogwa, wakataja mpaka jina la mtu. Mimi sikumtetea. Nilijua nani alikuwa anamfunga.

Basi langu lilipotokeza nikasema hili nitaliondoa mapema, lisifike kule. Nikaanza mazoezi. Kila asubuhi, jua likichomoza, nashika barabara ya lami kuelekea upande wa Ulemo, natembea mwendo wa haraka mpaka kwenye daraja, nageuka. Madereva wa malori walinizoea, wananipigia honi. Mmoja aliwahi kusimama akauliza, "Bibi, nani anakufukuza?" Nikamwambia, endelea na safari yako. Jibu la kweli nilikuwa nalo lakini halikuwa la kumwambia dereva.

Ugali nikaacha. Nikawa nakula mlenda mtupu kwa kijiko. Mlenda bila ugali, jamani. Wajukuu walikuwa wanatoka mezani ili wasinione. Asubuhi maji ya moto na limao, jioni tangawizi. Sukari sikugusa. Pilau za harusi nilizipita kama sizioni. Na kitenge nikajifunga mwenyewe, nikafunga ncha moja kwenye nguzo ya mlango nikajizungusha kuelekea kwenye nguzo. Namna hiyo inakaza kuliko mtu.

Mashavu yakaingia. Mikono ikasinyaa, pete ikaanguka kwenye beseni la kufulia. Matiti yakaisha. Tumbo likabaki, tena likawa gumu. Ukiligonga ni kama kugonga tikiti. Haja ndogo kila saa. Haja kubwa siku nne, siku tano, hakuna. Mgongo unakatika. Mchana nikijilaza kupumzika pumzi inakwama hapa kifuani, nainuka, nakaa. Siku moja nimekaa hivyo kitandani, nikasikia mtu anahema ndani ya chumba. Kuhema kule nakujua. Ni Salome. Nikatazama mlangoni, nikatazama nyuma ya pazia. Kumbe ni mimi mwenyewe ninayehema.

Mtaniuliza kwa nini sikwenda hospitali. Kisu nilikiogopa, ndiyo, lakini si kisu peke yake. Niliogopa kuambiwa. Kama wangenitajia ugonjwa wangu, wangekuwa wamenitajia na wa Salome, na kama wa kwangu una dawa, basi na wake ulikuwa nayo. Hilo sikutaka kulijua. Bora yawe mafuta.

Sasa, kuna mashine ya kukamua alizeti pale barabarani, na mpimaji wake ni kijana mmoja anaitwa Hamisi, mtu wa maneno mengi. Nilipoanza mazoezi nilipita pale akanipandisha kwenye mizani ya magunia, mambo ya utani. Mara hiyo ya kwanza alitangaza uzito wangu kwa sauti, wapagazi wote wakasikia. Baada ya mavuno mengine nikapanda tena, nimekonda hivyo, najua leo nitasifiwa. Hamisi akaangalia mizani. Akasogeza jiwe, akaangalia tena. Akaniomba nishuke, nipande upya. Uzito ni uleule wa mwanzo, haujapungua hata kidogo.

Hamisi hakutania siku hiyo. Lazima mjue kazi yake. Wapo wakulima wetu, na wengine ni ndugu zangu, wanaoweka mchanga ndani ya gunia, chini kabisa, halafu wanamwaga alizeti juu. Hamisi ana kile chuma chake cha kuchomea magunia, bambo, lakini kabla hajachoma huwa ameshajua. Gunia limelegea, halijajaa, ila mizani inasema limejaa.

"Shikamoo bibi," akasema, na alikuwa ameshaniamkia tangu nilipofika.

"Marahaba."

"Gunia likija hivi mimi silinunui. Mikono imeisha, uso umeisha, uzito uko palepale. Kuna kitu kinaongezeka humo na si mafuta. Mafuta hayana akili ya kukaa sehemu moja."

Nilishuka kwenye mizani. Nilienda mpaka nyuma ya mashine, kwenye mashudu, nikakaa chini. Nikafungua kitenge. Nilikuwa sijawahi kukifungua mchana.

Wiki ile ile nikapanda gari mpaka Singida mjini, kwa Eliza, mtoto wa Salome. Ameolewa kule. Aliponiona mlangoni hakunisalimia, aliweka mkono mdomoni. Kesho yake akanipeleka hospitali. Daktari alikuwa binti mdogo kuliko Eliza. Akanipaka mafuta ya baridi, akapitisha kipimo, akaniuliza nimekaa nalo muda gani. Nikamwambia mwaka na zaidi, nafanya mazoezi.

"Bibi, ungekimbia mpaka Dodoma lisingetoka," akasema. "Huu ni uvimbe, umeota kwenye kifuko cha mayai na umejaa maji. Tunautoa."

Nikamuuliza swali moja tu. Mtu akiwa nao na hajatolewa, anakuwaje mwishoni? Akanieleza. Hakukosea hata kitu kimoja, mpaka ile ya kulala amekaa.

Wakanipasua. Walisema ulikuwa mzito kuliko mtoto wangu yeyote. Nilipozinduka nilihisi baridi tumboni, kama nyumba iliyohamwa. Siku tatu nilisubiri upepo utoke ndipo wanipe uji, na ulipotoka wodi nzima ilipiga makofi. Sioni aibu kusema. Nilitembea nimeshika ukuta, mshono unavuta. Kipande kilipelekwa kupimwa, majibu yakaja kwamba si saratani.

Nilipona nikiwa kwa Eliza. Alasiri moja tumekaa barazani, anachambua mchele, akaniuliza bila kuinua uso.

"Mama mdogo, na mama alikuwa na hiki?"

"Hakupimwa. Lakini nadhani ndicho."

"Angepona?"

Nilitaka kusema Mungu ndiye anajua. Ndivyo tunavyosema. Nikamwambia, "Angepona kama ningempeleka. Mimi nilimfunga na nikamnyima chakula."

Akaokota kijiwe kwenye mchele, akakitupa. Kisha akasema, "Nilikuwepo. Nilikuwa na miaka tisa. Ulinipa ncha ya kitenge nishike, ukaniambia nivute na mimi."

Nilikuwa nimesahau, wallahi, mimi Mkristo naapa hivyo. Miaka yote nilidhani nimebeba peke yangu, kumbe nilimtwika na mtoto. Nikamwambia, "Eliza, ulivuta kwa sababu nilikutuma. Hiyo ni yangu." Akaegemea bega langu, tukakaa hivyo mpaka jua likahama barazani.

Sasa nalala chali, napumua vizuri. Salome bado nasikia akihema, siku nyingine, na safari hii najua si mimi. Namwacha aheme. Namshukuru Mungu, namshukuru yule daktari binti, na Hamisi nilimpelekea kuku.

Na wewe unayesoma: mafuta yapo, na mazoezi ni mazuri, usiache. Lakini mikono ikiisha na tumbo likibaki, likiwa gumu, ukashiba kwa tonge mbili na pumzi ikagoma ukilala, usijifunge kitenge. Nenda ukapimwe. Na usiende peke yako. Mchukue yule anayekuambia ni mafuta tu, akae kwenye benchi na wewe, asikie mwenyewe.